Jiwe la Buhoro

Limekuja kwa treni kutoka Dar, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
limeviringishwa soksi moja ya kijivu.
Nimelitoa hapa Kibirizi, mezani pangu, kati ya debe na mizani:
jeusi, lina vipele, mithili ya kiazi
kilichosahaulika uvunguni hadi kikaota macho.

Ndugu yangu kaandika nyuma ya risiti:
"Dada Anisia, usilioshe kwa sabuni.
Limetoka chini ya bahari, mita elfu nne na mia tatu.
Mimi ndiye niliyelichomoa kwenye wavu wa chuma."

Buhoro.
Kwa Kiha ni polepole, na jina lilimkaa.
Alitambaa mpaka meno yakajaa,
akaanza kusema tukiwa tumeshakata tamaa,
na neno lake la kwanza likawa "ngoja".
Mama alicheka hadi akamwaga uji.

Leo ananieleza kwa simu, sauti inakatika-katika,
namna jiwe linavyozaliwa.

Jino la papa linaanguka.
Ni hilo tu. Mwenye jino ameshakufa.
Linashuka gizani, linashuka, linatua kwenye tope
laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili.
Maji ya huko yanauma kwa baridi, nayo yamebeba
chuma, manganisi, nikeli, shaba kidogo,
kobalti ya kulamba kwa ncha ya ulimi;
vyote vimeyeyuka, havionekani, vinazurura bila kwao.
Kimoja kinagusa jino. Kinashika.
Kingine kinashika kilichoshika.
Utando juu ya utando, hakuna moto, hakuna nyundo.

"Milimita ngapi kwa mwaka?"
Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha.
"Tano, Dada. Pengine tatu. Lakini si kwa mwaka.
Kwa miaka milioni."

Nikatazama kucha zangu, nilizikata Jumapili,
zimeshalipita.
Kumbe hili ni rika la ziwa:
ardhi ilipoanza kupasuka hapa, maji yakatafuta mahali pa kulala,
huko nako jino lilikuwa linavaa koti lake la kwanza.

Nikasema, basi hata kwetu yapo,
ziwa hili nani ameshika chini yake?
"Hayapo. Ukipita mita mia mbili hivi, hewa haifiki.
Manganisi imo, tele, ila haigandi.
Imebaki imeyeyuka, kama sukari kwenye chai
ambayo mgeni wake hakutokea.
Kina peke yake hakitoshi, Dada. Jiwe nalo linataka pumzi."

Nililigeuza. Upande mmoja lina alama nyeupe, duara,
ndogo kuliko kifungo cha shati.
Hapo, anasema, palikuwa na kiumbe,
mlaini, kama ua lililokosa rangi,
ameshikilia jiwe maisha yake yote kwa kuwa kwingine ni tope tupu.
Alifika juu amekufa.
"Nilimbandua kwa kidole gumba," akasema,
halafu akaniuliza bei ya dagaa.

Wanayataka kwa betri. Mashine ziko njiani,
zitapita chini zikifyonza kama mtoto anavyomaliza juisi kwa mrija.
Mkataba wake unaisha Machi.
Hakusema kama atauongeza, nami sikumharakisha,
huyu hajawahi kuharakishwa.

Upepo ulipozidi nikalitumia kukandamiza daftari la madeni.
Mteja mmoja, mama wa Mwandiga, mkali, anayehesabu hata vichwa vya dagaa,
akalinyanyua, akalipima kiganjani, akanikazia macho:
"Na hili ni jiwe la mizani la kilo ngapi?"

"Bado," nikamjibu. "Halijatimia."

Nikampimia kwa jiwe la siku zote,
nikamwongeza konzi moja.